Zamu ya Moza

Sogeeni, wanangu, mkae hapa mkekani karibu na kichwa changu, na mlango uacheni wazi kama ulivyo. Kadija, mke wangu, niinue mgongo kidogo nipate pumzi ya kusema. Haya, inatosha. Alasiri imeshaswaliwa na ya magharibi sina hakika nayo, kwa hiyo niliyo nayo nitayatoa yote kwa mkupuo mmoja, wala asinikatize mtu, hata wewe Ismaili, ambaye tangu utoto hujaweza kumsubiri mwenzio amalize kusema.

Mlango nataka uwe wazi kwa sababu nje barazani amekaa Likwata. Nimekisikia kikohozi chake, na kikohozi kile nakijua miaka arobaini sasa. Amekuja kwa kuitwa na mama yenu, na ameishia pale pale, hakuingia, wala msimwambie aingie. Maneno ninayowausia ninyi ndiyo hayo hayo ninayotaka yeye ayasikie. Mnajua ninachokitafuta kwake. Shikamoo zenu anaziitikia na mnamwita baba mdogo kama zamani, lakini mimi nikimtolea salamu hunirudishia kwa sababu dini imemlazimisha, huku anatazama chini. Nimemkosea, wanangu, na naogopa kuingia kaburini kabla hajaniwia radhi. Hofu hiyo ndiyo inayoniweka hai wiki hii, si uji wa mama yenu.

Mali niimalize kwanza, maana ni fupi. Mikorosho na nyumba hii sheikh atawagawia kwa sharia, na fungu la mama yenu lisiguswe hata kwa ahadi ya kurudisha. Vyombo vya kazi nakupa wewe Ismaili sasa hivi, nikiwa hai na akili zangu timamu: randa zote mbili, misumeno, keke na patasi. Ile patasi nyembamba yenye mpini wa mpingo nilipewa na fundi Fakihi kule Rasbura, siku niliyomaliza kufundishwa kazi, na hakuwa mtu wa kutoa kitu. Usimwazime mtu, hata akilia mbele yako. Karakana si yangu, ni ya kijiji. Lakini ule ubao ulioko ukutani mwa karakana, wenye vigingi, niliutengeneza mimi, na halmashauri imeniachia niseme nani aushike baada yangu. Huko nitafika, ila sharti nipite njia ndefu, mnivumilie.

Kabla hamjazaliwa, mimi na Likwata tulikuwa vibarua wa mkonge. Yeye alikuwa mkataji shambani, mimi nilikuwa kwenye mtambo wa kusaga majani. Siku hizo kila kibarua alikuwa na kipande chake, kadi yenye vyumba thelathini, na chumba cha siku hakitiwi alama mpaka umefikisha idadi ya matita uliyopangiwa, na usipotiwa alama siku yako imekwenda bure, jasho lako na njaa yako juu. Nyapara alikuwa akiwapigia kelele wakataji tu, kateni, kateni, wala hakuja hata siku moja kututazama sisi mtamboni. Mtambo ulikuwa na uwezo wake. Majani yalikuja mengi kuliko ulivyoweza kula, yakalundikana nje, yakakauka juani, na jani la mkonge likishakauka halitoi uzi wa maana. Siku moja Likwata alipungukiwa matita manne kwa sababu ya homa. Alinyimwa alama, akachapwa viboko mbele ya watu. Saa ile ile mimi nilikuwa na koleo natupa shimoni majani ya juzi, mengi kuliko hayo manne mara ishirini. Yalikatwa na yeye yale yale. Sikulisahau jambo hilo. Nilielewa kwamba watu wanaweza kufanyishwa kazi mpaka wakaanguka, na mwisho wake kisipatikane kitu.

Basi tulihamia kijiji hiki mwaka wa sabini na nne, tukaambiwa tuanzishe karakana, mimi nikawa fundi mkuu na Likwata akawa mpasuaji wa mbao, maana hakuna mtu wa pwani hii aliyejua kushika msumeno wa shimoni, ule wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini shimoni, kama yeye. Watoto wote walipoandikishwa shule, katibu wa chama akaja na karatasi: madawati mia moja na ishirini. Tukaingia kazini kama tuliopagawa. Likwata na mwenzake wakipasua, vijana wakipiga randa, mimi nikitoboa matundu na kuunga. Baada ya miezi miwili tulikuwa tumeanza madawati arobaini, na hapakuwa na hata moja unaloweza kulikalia. Miguu imelala huku, mabao ya juu yamelala kule, mvua ikapenya makuti, mbao zikapinda. Katibu aliandika kwamba arobaini yako njiani, akaondoka anachekelea. Watoto wako chini sakafuni wanaandikia mapajani. Mwahija, siku hizo ulikuwa unakwenda kwenye darasa la watu wazima, ukaniletea chakula cha mchana, ukazunguka yale malundo, ukaniuliza, "Baba, dawati lenyewe liko wapi?" Nilikufokea. Nilikufokea kwa sababu halikuwepo.

Siku iliyofuata nikayakumbuka yale majani ya mkonge, nikautengeneza ubao. Vigingi vinane: viwili vya shimoni kwa wapasuaji, viwili vya randa, viwili vya kuunga, viwili vya msasa na vanishi. Nikakata debe la mafuta ya taa vibati vidogo, kila dawati kibati chake na namba yake imekwaruzwa kwa msumari. Dawati likivuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kibati nacho kinahama. Sharti likawa moja tu, na mlishike mpaka mzeeke: vigingi vya mbele yako vikijaa, huna ruhusa ya kusukuma kazi yako huko. Mwenye nafasi ndiye anayekuja kuvuta kutoka kwako. Ukikosa cha kufanya usianze dawati jipya ili uonekane hodari, nenda kamshike mkono aliyezidiwa. Na hakuna dawati jipya linaloingia mpaka jingine limetoka mlangoni na miguu yake minne.

Ilikuwa vizuri, ila niliharibu kwa ulimi wangu. Asubuhi ile niliwakusanya watu nikawaambia, kuanzia leo kila kazi itakuwa na kipande chake. Neno lilinitoka hivyo hivyo, nilimaanisha kipande cha bati. Likwata akauacha msumeno katikati ya gogo, akapanda kutoka shimoni na unga wa mbao umemjaa nyusi, akaniambia, "Abdu, kipande changu nilikichoma moto siku ya Uhuru na wewe ulikuwepo ukicheka. Leo unakitundika ukutani?" Wakaondoka wote, wazee kwa vijana. Karakana ilikaa kimya siku tatu. Nilibaki nawaeleza vigingi vyangu kuku waliokuwa wakipekua maranda. Ni Mwahija aliyekwenda kwao akazungumza nao, akaniambia, "Baba, ita zamu. Watu hawaogopi zamu, kisimani wanapanga zamu kila siku." Likwata akakubali. Akasema zamu sawa, zamu anaijua mwenye ndoo, na kipande alikijua tajiri peke yake.

Tukaanza. Wiki ya kwanza ubao ukanisuta mimi. Vibati vilitembea vizuri kutoka shimoni, vikapita kwenye randa, vikafika kwangu kwenye kuunga vikasimama. Miaka yote nilikuwa nawalaumu wapasuaji kwa uvivu, kumbe aliyeziba njia ni mimi, na ubao ulionyesha hivyo mbele ya kila mpita njia. Likwata alisimama mikono kiunoni akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa na siri yangu ya kutoboa matundu yakabana bila gundi, na siri hiyo sikutaka kumpa mtu, hata mwanangu. Wewe Ismaili unakumbuka jinsi nilivyokugeuzia mgongo nilipokuwa nikipima. Nisamehe kwa hilo. Nikalazimika kuwafundisha wewe na wenzako, na kila Jumamosi madawati sita yakawa yanatoka. Katibu alinuna kwa sababu orodha yake ya yaliyoanzwa ilishuka kutoka arobaini ikawa manane. Lakini mwalimu mkuu alikuja akakalia lile la kwanza, mtu mzima na magoti yake yamemfika kidevuni, akawa hataki kuinuka.

Maji, Kadija. Taratibu. Alhamdulillahi.

Sasa ndipo penye shida yangu. Likwata, kama unasikia, sitapunguza neno.

Niliupenda ule ubao kupita kiasi. Watu walitoka Kiswere na hata Mitwero kuja kuutazama, wakaniita bwana zamu, na mimi nikavimba kichwa. Nikawa nasema ubao haumjui mtu. Mkubwa akija, apange. Ndugu yangu akija, apange. Nilijiona mwadilifu. Siku ya Jumanne, mwaka jana, akaja mzee Bakary mwadhini, akaniambia jeneza la msikiti limeliwa na mchwa, ubavu mmoja umebaki unga mtupu, anaomba litengenezwe jipya. Nikautazama ubao. Vigingi vyote vinane vimejaa madawati, na nyuma yake kuna mengine yaliyoahidiwa kwa ajili ya mkaguzi. Nikampa mzee yule zamu ya kumi na moja. Mwahija ulikuwepo. Uliniambia, "Baba, toa dawati moja, weka jeneza." Nikakwambia mbele ya watu kwamba mwanamke asiyejua kushika randa asinifundishe kazi. Mzee Bakary akashukuru, akaenda zake, maana alikuwa mtu wa adabu.

Jumamosi Moza alifariki. Mke wa Likwata, mama aliyewabeba ninyi wawili mgongoni mama yenu alipokuwa mgonjwa. Homa ya siku mbili tu. Hapakuwa na jeneza, ikabidi abebwe kwa kitanda cha kamba, kama wazee wetu walivyobebwa, na hilo peke yake si aibu. Lakini njia ya makaburini inateremka pale kwenye mto mkavu, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa mbele, bega la kulia. Niliusikia mfumbati, ule mti wa ubavuni, ukichomoka kwenye tendegu la mguuni. Fundi anaijua sauti hiyo. Kitanda kikaachia upande mmoja na Moza akateleza ndani ya sanda yake, akaanguka kwenye tope mbele ya wanaume wote wa kijiji, mbele ya wanawe. Likwata alishuka, akamwinua, akambeba mwenyewe mikononi mpaka kaburini, akakataa kupokewa. Sanda ilikuwa na tope. Kila nikifumba macho naliona lile tope.

Siku ya arobaini nilimfuata kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Akaniuliza neno moja tu. "Abdu, zamu ya Moza ilikuwa ya ngapi?"

Namba nilikuwa nayo, jibu sikuwa nalo. Wiki ile nzima mbao zilizojaza vigingi vyangu alizipasua yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ziwe madawati. Tangu siku hiyo hajakanyaga karakana. Jeneza lililoko msikitini sasa nililitengeneza mimi peke yangu baada ya maziko, wala sikuliandikia zamu, na lilinichukua siku moja na nusu. Siku moja na nusu, wanangu. Hiyo ndiyo kazi niliyoona haiwezi kupishwa.

Basi sikilizeni, huu ndio wosia wenyewe. Msiubomoe ubao kwa sababu yangu. Ubao haukukosea, uliomba mtu mwenye macho na ukapata mwenye kiburi. Katibu atakuja, Ismaili, na najua ameshaanza kukusemesha pembeni, atakuambia ongeza vigingi viwe ishirini ili orodha yake inone. Usiongeze. Ukiongeza mtarudi kwenye malundo yale yale, na watoto watarudi sakafuni. Mwambie aje siku ya Jumamosi ahesabu yanayotoka mlangoni. Bali ongezeni kimoja tu, kigingi cha tisa, kikae peke yake pembeni, na kikae kitupu. Kisiwekwe dawati, kisiwekwe kiti cha mkubwa wala kabati la harusi. Hicho ni cha asiyeweza kusubiri: jeneza, machela ya mgonjwa, mlango wa nyumba iliyoungua. Kazi ya kigingi hicho ikija, mtu yeyote aliyeshika chombo akiweke chini aifuate hiyo. Itakuuma, Ismaili, kukiona kitupu wakati watu wamepanga foleni nje. Wewe vumilia.

Na ubao namkabidhi Mwahija. Usinikunjie uso, Ismaili mwanangu, wewe una mikono mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wako, na kazi zote za mikono ni zako. Lakini kusema kipi kiingie na kipi kisubiri, hilo ni la dada yako. Aliona siku ile ambacho mimi sikukiona, na mimi nikamziba mdomo. Mwahija, nilikosea mbele ya watu, na leo nakiri mbele ya watu wachache tu kwa sababu siwezi tena kusimama. Uwaambie waliobaki kwamba nimekiri. Ukisema dawati litolewe, litatolewa, na kaka yako hatakujibu vile nilivyokujibu mimi.

Nilitaka kuwaambia na mimi mnibebe kwa kitanda. Nilishakichagua. Lakini namwona Mwahija anatikisa kichwa, na mama yenu analia. Basi. Ni ule ule ukaidi, nataka kuwapa watu mzigo ili mimi nijione nimelipa. Nibebeni kwa jeneza. Niswalieni, mnizike, watu wale wali, warudi makwao.

Nyamazeni kidogo.

Hiyo ni fimbo yake. Anainuka. Anashuka ngazi za baraza... Hapana, Ismaili, kaa. Kaa chini nimesema. Usimkimbilie. Kadija, usimwite. Amesikia yote, na anakwenda zake bila kunipa nilichokitaka, na ninaumia, siwafichi, ninaumia kuliko kifua hiki. Nilitegemea ataingia. Tangu asubuhi nilikuwa naitegemea ile hatua ya kuvuka kizingiti.

Lakini mimi ndiye niliyewafundisha msimsukumie mtu kazi ambayo hana nafasi nayo. Na kusamehe ni kazi. Huenda leo moyo wake umejaa, hauna pa kuliweka jambo langu. Siwezi kumjazia kwa nguvu kwa sababu eti mimi ninakufa na nina haraka. Haraka ni yangu, si yake. Akipata nafasi, mwaka ujao au mwaka gani, atakuja mwenyewe kulichukua, na atalifanyia pale kaburini, au njiani anakwenda shambani, wala hamtajua. Msimuulize. Msimpelekee kuku, msimpelekee wazee wa kumsuluhisha. Shikamoo zenu tu, kila mnapokutana naye, kama kawaida. Na akiumwa mumwuguze, maana hana binti.

Nilazeni sasa. Hivyo.

Mwenyezi Mungu awape riziki isiyowagombanisha. Awape... awape watoto watakaowauliza maswali, na awape subira ya kutowafokea. Kadija, umenivumilia, nimekuwia radhi kwa yote, na wewe uniwie. Ismaili. Mwahija. Nipeni mikono. Nimekuwieni radhi, duniani na akhera.

Bado moja. Karibuni hapa, sauti inakwisha. Mtakapomaliza kuniswalia, sheikh atawageukia watu, atauliza kama kuna aliyedhulumiwa na marehemu, aseme, au asamehe. Ndivyo inavyoulizwa. Na kijiji kizima kinajua. Shingo zote zitageuka kumtafuta Likwata amesimama wapi, wapate kuona uso wake.

Ninyi msigeuke. Tazameni chini, wanangu. Msimtazame.